Juisi ya Baba Frola

Jumatatu, 3 Februari

Kijijini Mtua tangu asubuhi. Ufuta umeota vizuri kwa waliopanda kwa mistari. Waliomwaga mbegu ovyo wanalia. Nimewaonyesha tena namna ya kupunguza miche. Nimeinama mara moja, basi, nikawaachia wao. Kwenda niliendesha pikipiki mwenyewe. Kurudi nikamwomba bwana mifugo anibebe. Nimesema mgongo. Siku hizi kila kitu nasema mgongo.

Kilemba kinateleza nikitoka jasho. Kucha za dole gumba zimekuwa nyeusi, nimezipaka rangi. Ofisini wanasema afisa kilimo wetu ameanza urembo uzeeni. Nimecheka nao.

Kikombe cha asubuhi nimekunywa. Cha jioni kipo mezani, naandika huku nakiangalia. Majani ya mstafeli yaliyochemshwa mpaka maji yakawa meusi. Manjano. Tangawizi. Pilipili manga ya kusaga. Mume wangu anaiita juisi. Si juisi. Ni adhabu yenye mfuniko.

Ijumaa, 7 Februari

Baba Frola amefika na dumu jipya. Yeye ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi Nandagala, upande wa Ruangwa. Mimi kazi yangu iko huku Nachingwea. Miaka yote tumeonana wikiendi na hatukuona shida. Sasa naiona.

Tangu Novemba, nilipopewa majibu kwamba uvimbe wa titi la kushoto ni saratani, mwenzangu hatulii. Mimi nilianza dripu Dar mwezi Desemba. Yeye alianza kusoma simu. Leo kanisomea makala nzima tukiwa tunakula. Kwenye vyakula vya mimea kuna viambata vinavyoua seli za saratani. Manjano yana kimoja. Kitunguu saumu kina kingine. Nyanya, zabibu, chai ya kijani, jamii ya kabichi. Anasoma kama anayetangaza matokeo ya darasa la saba, anatua kwa kila jina.

Nikamuuliza viliua ndani ya mtu au ndani ya chupa za maabara. Akapandisha makala, akaishusha. Maabara. Na panya.

"Lakini panya naye ni kiumbe, Mama Frola."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Mimi ni mtu wa mimea. Najua dawa na sumu mara nyingi ni kitu kilekile. Salfa tunayopulizia mikorosho inaua ukungu, ila mkulima akizidisha anaunguza maua yote. Tofauti ni kipimo. Dumu la Baba Frola halina kipimo. Ningemwambia. Lakini alikuwa amelipakata mapajani kutoka Ruangwa mpaka hapa ili lisimwagike, suruali imeloa magotini.

Nikanywa.

Jumapili, 9 Februari

Misa ya kwanza. Watu watatu wameniambia nimependeza. Mmoja kauliza nafanya mazoezi gani.

Hakuna anayejua. Ila mimi, mume wangu, bosi wangu, na binamu yangu ninayefikia kwake Dar. Frola yuko kidato cha tano Iringa, naye hajui. Baba yake nimemkataza kumwambia mtu habari ya dripu, huku na kule Nandagala. Mtu akisikia unawekewa dripu za saratani, anaanza kukutafutia sanda machoni. Nimeona walivyomwangalia marehemu dada yangu. Sitaki.

Alhamisi, 13 Februari. Dar

Dripu imekwisha. Niko kwa binamu, Mbagala. Miguu ya moto.

Kabla ya dripu wanapima damu. Daktari ni binti wa miwani, sauti ya chini. Kaniuliza kama kuna kitu kingine natumia. Majani, unga, vidonge vya kuongeza nguvu. Nikasema hapana, chakula tu. Akasema vipimo vya ini vimepanda kidogo, wataviangalia.

Kwa nini nimesema hapana? Si kwamba nilisahau. Ladha ilikuwa bado kooni, nilikunywa kwenye basi. Nimeona ningesema ningekuwa namshtaki mume wangu kwa mtu asiyemjua.

Jumamosi, 22 Februari

Wiki mbaya. Mdomo una vidonda. Harufu ya mafuta ya kupikia kwa jirani inanigeuza tumbo.

Baba Frola kaja tangu jana. Kapika uji wa ulezi, kafua, kadeki. Katika ndoa yetu yote sikumbuki kumwona na dekio. Kisha kamimina kikombe, kakaa mbele yangu mpaka nimalize. Nimemaliza. Alipokwenda sokoni nikatapika nyuma ya choo. Aliporudi nikamwambia nimepata nafuu, na uso wake ukafunguka kama wa mtoto.

Nina hasira. Sijui ni juu ya nani.

Na sasa kuna vidonge. Chupa ya kijani, kainunua kwa mtu wa Masasi. Chai ya kijani iliyokolezwa, chupa moja ni sawa na vikombe mia, ndivyo alivyoambiwa. Asubuhi viwili, jioni viwili.

Jumatatu, 3 Machi

Viganja vinawasha. Nyayo pia. Nimejikuna kwenye kikao mpaka bosi akaangalia.

Jumatano, 5 Machi. Dar

Nimepakwa majivu Mbagala, baada tu ya kushuka basi. Kumbuka, mtu, u mavumbi. Padri kalisema haraka, foleni ilikuwa ndefu.

Mkojo una rangi ya chai kavu. Nimejiambia ni yale manjano ninayokunywa. Nataka iwe hivyo.

Alhamisi, 6 Machi. Dar

Wamenikatalia dripu.

Daktari alinivuta kope la chini kwa kidole, akatazama jicho langu muda mrefu. Akaniuliza tena swali lilelile la mwezi uliopita. Safari hii nikasema yote. Majani, manjano, pilipili manga, vidonge. Nikataja na idadi ya vikombe.

Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

"Mama, hatudharau mimea," akasema. "Kati ya dawa tunazokuwekea, moja ilianzia kwenye gamba la mti. Lakini watu walikaa nalo miaka, wakatoa kitu kimoja, wakajua kipimo chake, wakajua kinaua nini na kinaacha nini. Hicho kikombe chako kina vitu vingi mno. Hakuna anayejua kikikutana na dripu kinafanya nini."

Ini ndilo linalosafisha kila dawa inayoingia. Langu linasafisha dripu, juisi na vidonge kwa pamoja, na limeshindwa. Hawezi kuniwekea mpaka vipimo vyake vishuke. Mchuzi wenye manjano nile. Kitunguu saumu kwenye mboga nile. Kikombe na vidonge niache leo hii.

Nikamuuliza, uvimbe je, utangoja?

"Uvimbe haungoji, mama."

Nimekaa kwenye benchi la nje mpaka mlinzi akaja kuuliza kama nina mtu wa kunichukua.

Jumamosi, 8 Machi

Sikukuu ya wanawake. Wenzangu wa ofisini wamevaa sare ya kitenge, wameandamana. Mimi nimebaki ndani na mume wangu, na nimemwambia.

 Akasema daktari lazima atetee kazi yake. Akasema uvimbe ulikuwa umepungua mwezi wa kwanza, umepunguzwa na nini? Mimi nikasema dripu. Yeye akasema juisi. Tukaulizana hivyo mara nyingi, hakuna anayejua, kila mmoja akiongeza sauti. Nikamwonyesha macho yangu. Akaangalia pembeni.

Nikachukua dumu nikalimwaga uani. Vidonge nikavitupa chooni. Aliniangalia tu kutoka mlangoni.

"Umemwaga kazi ya mikono yangu," akasema.

Akaondoka alasiri hiyohiyo. Hakungoja Jumapili. Hakuaga.

Jumatano, 12 Machi

Hajapiga. Sijapiga.

Kuwasha kumepungua. Nagusa uvimbe kila nikioga. Leo mkubwa, kesho mdogo. Vidole vinadanganya. Naogopa. Hakuna neno lingine.

Jumamosi, 15 Machi. Nandagala

Nimekuja bila kumwambia. Gari la abiria la Noah mpaka Ruangwa, bodaboda mpaka hapa. Nyumbani mlango umefungwa. Moshi unatoka jiko la shule, na leo si siku ya uji. Nikaenda.

Sufuria kubwa ya uji wa wanafunzi imejaa majani. Madumu yamepangwa ukutani. Baba Frola ameshika pakacha la majani mengine. Mpishi wa shule, Editha, anakoroga.

Nilifikiri anachemsha kwa ajili yangu tu. Kumbe tangu Januari wazazi wanakuja. Wa sukari, wa presha, mzee mmoja mwenye kidonda cha mguu kisichopona. Hachukui hata shilingi. Dripu hakuwatajia, uvimbe aliwatajia: wamesikia mke wa mwalimu mkuu alikuwa nao na sasa anang'aa. Kilemba na rangi ya kucha vimefanya kazi yake.

Editha alinipokea kwa mikono miwili. Ni mjane, kanipita miaka michache, mcheshi, namfahamu tangu Baba Frola ahamie hapa.

"Nakushukuru sana, mama," akasema. "Nilipoona mwalimu anakuchemshia na wewe unazidi kupendeza, na mimi nikaanza."

Kuanza nini, nikamuuliza.

Akaweka kiganja kwenye titi la kulia. Aligundua wakati wa Krismasi. Alimuuliza mwalimu kama juisi inafaa kwa uvimbe wa titi, mwalimu akasema inafaa.

Nilimwangalia mume wangu. Alikuwa anaangalia moto.

Jumapili, 16 Machi. Nandagala

Sikwenda Misa. Nimekwenda kwa Editha. Anaishi na mama yake, nyumba ya tatu kutoka shule. Bibi alikuwa nje anaanika mihogo. Nikaomba tuingie ndani wawili.

Nikatoa pini, nikavua kilemba.

Hakuna mtu zaidi ya mume wangu na manesi aliyewahi kuona. Kichwa chenyewe hakina umbo zuri. Nina kovu la utotoni ambalo nilikuwa nimelisahau mpaka nywele zilipotoka.

"Dada, mimi sikuwa nakunywa juisi peke yake. Nawekewa dripu Dar tangu Desemba. Dripu ndiyo iliyonyonyoa nywele hizi. Juisi imeniharibia ini mpaka dripu wamenisimamishia."

Editha alitazama kichwa, akatazama mikono yake.

"Mwalimu hakusema."

"Nilimkataza mimi."

"Basi nimekunywa bure," akasema. Hakulia. Alisema kama mtu anayegundua amepanda basi la kwenda kwingine.

Kisha akafungua blauzi. Nikagusa. Kitu kigumu kama korosho yenye ganda, na ngozi juu yake imevutwa ndani. Kwapani kuna kingine kidogo. Sikusema nilichofikiri. Nadhani alikiona.

Akaniuliza kama dripu inauma. Nikamwambia sindano inauma, dripu yenyewe haiumi, siku zinazofuata ndizo mbaya. Akauliza kama nitapona.

"Sijui."

 Akasema wote waliomshauri tangu Krismasi walikuwa na uhakika. Mimi ndiye wa kwanza kumwambia sijui. Akasema atakwenda kupimwa.

Jumatatu, 17 Machi. Nandagala

Jana jioni nimekaa na Baba Frola kwenye ngazi za ofisi yake, wanafunzi hawapo. Nimemwambia nilichokigusa. Nimemwambia wazi: amechelewa miezi mitatu, kwa sababu yako. Na yangu, kwa sababu nilikufunga mdomo.

Hakujitetea. 

"Kila mtu ana cha kukupa," akasema. "Daktari ana dripu. Binamu yako ana kitanda. Hata bosi wako ana ruhusa. Mimi nina nini? Mimi napanda Noah Ijumaa, nashuka Noah Jumapili. Nilitaka na mimi niwe na kitu mkononi."

Akalia. Mwalimu mkuu, kwenye ngazi za shule yake. Nikamshika. Hasira haijaondoka. Nilikuwa nimemshika na nimemkasirikia, vyote kwa wakati mmoja, na mkono wenyewe haukujua unashika kwa huruma au kwa hasira.

Leo asubuhi karudisha sufuria kwenye jiko, ameisugua mwenyewe kwa mchanga.

Alhamisi, 20 Machi

Baba Frola amempeleka Editha hospitali ya misheni. Wamekata nyama kidogo, wameipeleka kwa wapimaji. Wameambiwa wangoje.

Mimi nimepima damu hapa Nachingwea. Vipimo vya ini vinashuka.

Alhamisi, 27 Machi. Dar

Dripu imewekwa. Daktari kapima uvimbe kwa kipimo chake. Haujakua, haujapungua. Akasema tushukuru. Sikushukuru. Nilikuwa nataka upungue.

Nimelala nikitazama matone. Nimefikiria huo mti. Sijui unafananaje. Sijui nani wa kwanza aliyebandua gamba lake, na ni wangapi waliopewa kidogo mno au kupita kiasi kabla ya kipimo kujulikana. Hao hakuna anayewataja.

Jumapili, 30 Machi

Nimemwambia Frola, kwa simu ya matroni.  Akauliza kwa nini sikumwambia. Nikasema mitihani. Akasema, "Mama, usinifanyie hivyo tena." Mtoto wa juzi huyu. Nimeomba radhi.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua kubwa. Njia ya Chiola haipitiki, gari la ofisi limerudi nusu. Nimefurahi kurudi, kisha nimejiona mvivu. Nimelala saa za kazi.

Ijumaa, 11 Aprili

Majibu ya Editha. Ni saratani. Imeingia kwapani. Mambo mengine watayaangalia Dar.

Baba Frola kanipigia kutoka hospitalini. Aliongea kama anasoma tangazo ubaoni. Daktari wa pale alimuuliza Editha aliuona uvimbe lini, na kwa nini amekaa muda wote huo. Baba Frola alikuwa amekaa pembeni yake. Editha akajibu, "Nilikuwa nafikiri."

Hakumtaja. Hicho ndicho kinachomtafuna mume wangu. Angemtaja, mume wangu angeweza kuinama na kuomba msamaha pale pale.

Jumamosi, 12 Aprili. Nandagala

Kikao cha wazazi. Mambo ya madawati, mambo ya uji. Mwishoni Baba Frola kasimama tena. Mimi nilikuwa benchi la nyuma, kichwa wazi. Nilikuwa nimeamua nyumbani, na nilipofika mlangoni nikatamani kurudi. Watu waligeuka. Walitazama kama nilivyoogopa watatazama. Nikakaa.

Kasema juisi aliyokuwa akigawa haitibu saratani, na hakuna aliyethibitisha inatibu nini. Kasema aliwaambia nusu ya habari za mke wake. Mke wake ndiye yule pale. Anatibiwa hospitali, na juisi ilitaka kumuua. Mwenye uvimbe, mwenye kidonda, aende akapimwe, na asiyejua pa kuanzia aje ampeleke yeye.

 Mzee wa kidonda akasema mwalimu ametishwa na wakubwa, mguu wake unaendelea vizuri. Ninauona mguu wenyewe kutoka nilipokaa. Hauendelei vizuri. Mama mmoja akauliza kama sasa vitunguu saumu navyo ni marufuku. Baba Frola akasema hapana, kuleni, ni mboga. Wakatawanyika.

Tulipotoka, mstafeli wa nyuma ya ofisi ulikuwa umeshapukutishwa. Matawi matupu. Walifanya hivyo kikao kikiendelea.

Alhamisi, 17 Aprili. Dar

Alhamisi Kuu. Dripu ya mwisho. Uvimbe umepungua, safari hii daktari kaonyesha kwa vidole. Upasuaji Julai. Baada ya hapo wataona. Wanapenda neno hilo, wataona.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Sikuweza kula pilau niliyoipika.

Editha hapokei simu. Kaka yake amekuja kutoka Lindi, hataki aende Dar. Anasema waliokatwa ndio wanaokufa. Ametaja na majina yao. Kuna mganga anayemjua. Baba Frola kaenda kuongea naye, akajibiwa: wewe ndiye wa juisi, leo una jipya gani? Akarudi nyumbani. 

Jumatano, 30 Aprili

Bado hapokei.

Nimemwota dada yangu. Katika ndoto nilikuwa namfunga kilemba na hakimtoshi.

Jumanne, 6 Mei

Mtua. Ufuta umeiva upande wa bondeni, wameanza kukata na kusimamisha matita. Nilikuwa napiga kelele wasichelewe, punje zitapasuka zimwagike. Simu ikaita. Editha.

Anakwenda Dar. Si mimi niliyemshawishi, wala mwalimu. Ngozi ya juu imepasuka jana na kuna harufu, na mama yake, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni tu, amemwambia kaka mtu kwa Kimwera maneno ambayo Editha hakutaka kunitafsiria. Kaka amerudi Lindi.

Ana ombi moja. Mwalimu amsindikize.

"Yeye ndiye aliyenianzishia njia," akasema. "Basi tumalize naye."

Nikasema nitamwambia. Mkulima aliyekuwa karibu akaniuliza kama kuna msiba. Nikasema hapana. Akaniangalia kichwani, nywele zimeanza kuchomoza kama manyoya ya kifaranga, akauliza tena, na wewe afisa, unaumwa nini? Nikamwambia. Akasema pole. Akarudi kwenye ufuta wake. Basi, ni hivyo tu. Miezi yote hiyo niliogopa kitu cha ukubwa huo.

Jumamosi, 17 Mei

Editha na Baba Frola wamekwenda Dar, Editha kapimwa, wamerudi. Ini la Editha lina madoa. Wataanza dripu Juni, shule zikifungwa. Daktari amesema watajaribu. Baba Frola akamuuliza, angekuja Januari je? Daktari akasema hawezi kujua, kila mwili na wake. Baba Frola anasema daktari alikuwa anamhurumia yeye.

Sikumkatalia. Sikumwambia pia kwamba miezi ile si kitu. Nimemwandalia maji ya kuoga.

Jumatano, 11 Juni. Nandagala

Shule zimefungwa, na mimi nimeomba ruhusa. Niko kwa mama yake Editha mpaka yeye na Baba Frola warudi kutoka Dar. Asubuhi tumevuna mbaazi mbichi nyuma ya nyumba, tukakaa mkekani tukazipukuchua. Bibi hana maneno mengi ya Kiswahili na mimi sina ya Kimwera. Ameniwekea kigoda karibu na ukuta ili niegemee. Mara moja aliniuliza, "Editha?" Nikasema yuko hospitali, leo ndiyo wanaanza. Akatikisa kichwa, akaendelea na mbaazi. Baadaye akauliza tena vilevile. Nikajibu tena.

Tumezipika kwa nazi. Bibi amekula. Mimi nimekula sahani nzima, nikaongeza.

Jua likizama Baba Frola kapiga. Dripu imekwenda salama. Editha alitapika kidogo, sasa amelala. Yeye yuko kwenye benchi la nje, mlinzi amemzoea.  Akaniuliza nimekula nini.

"Ugali na mbaazi."

"Na nini kingine?"

"Basi."

Nikangoja aniambie mbaazi zina nini ndani yake. Hakusema.

"Vizuri," akasema. "Na bibi?"

"Amekula."

Kuna baridi. Nimemfunika bibi blanketi, nimeingiza kuku ndani.